Fomu ya Kumi

Aberdeen, Uskochi
14 Juni

Kaka yangu Wahome,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako hata Juni inavaa sweta. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Kui na watoto, na kwamba duka lako pale Kitengela bado linauza mabati ingawa mvua imekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafika kazini mapema. 

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi kama mtu wa enzi za babu wakati simu iko. Kwanza, simu zangu hushiki. Nimekupigia mara sita tangu Mei. Pili, kuna kitu ndani ya bahasha ambacho hakipiti kwenye simu, na usikitupe ukidhani ni takataka. Aliyekuletea ni Lorine, yule msichana wa Nkoroi tuliyefanya naye mazoezi ya wodini Kajiado kisha tukaja naye huku. Yeye muda wake umekwisha. Mpe chai, na usimchimbe habari zangu, kwa maana hazijui.

Huku wanafunzi tunazungushwa idara baada ya idara, wiki nne nne. Nilianza wodi ya wazee, ambako nilifundishwa kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumpelekea kijiko mdomoni. Nikaenda chumba cha upasuaji, ambako nilisimama mwezi mzima nikiambiwa nisiguse kitu. Sasa niko kliniki ya miguu. Ndiyo, miguu. Mama alipowatangazia wanawake wa kanisa la Kisaju kwamba binti yake anaenda ng'ambo kuwa daktari, hakujua kwamba ningevuka bahari kuwakata wazee kucha.

Wengi wa wazee hao wana kisukari kama mama. Msimamizi wangu, Sista Moira, ambaye hutoa maneno kama anayanunua, alituambia kwamba mguu wa mgonjwa wa sukari hufa ganzi polepole, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Ndiyo sababu tunaupima kwa uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa wayo mahali kumi, unabonyeza mpaka uzi upinde, naye anasema kila anaposikia. Ni kipimo cha dakika tatu tu, hakimuumizi mtu.

Kui alinipigia tarehe tisa Mei kuniambia kwamba mguu wa kushoto wa mama umekatwa chini ya goti. Nilikuwa nakula mkate na yai. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikamaliza mkate wangu, nikarudi chumba cha upasuaji nikasimama hadi zamu ikaisha. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Lorine alidhani nina imani kubwa, na nikamwacha adhani hivyo.

Mengine nimeyajua kidogo kidogo kwa Kui huyo huyo. Kwamba msumari wa mabati ulipenya soli ya gambuti ulizomnunulia mama mwezi wa Aprili. Kwamba Mjomba Muturi alisimama kwenye lango la hospitali mbele za watu akasema mtoto mwenye duka lake anamvisha mama yake gambuti za bei ya kutupa. Kwamba wewe uliondoka hapo hapo. Ulienda Kisaju, ukazitoa zile gambuti, ukazichoma nyuma ya zizi mpaka majirani wakaja kuuliza ni nini kinanuka. Na tangu mama atoke hospitali hujaingia lango lake. Unga na mboga anapeleka Kui, wewe unabaki kwenye gari pale barabara ya Namanga. Mama naye anamuuliza Kui kila mara, "Kwani Wahome ako na shida gani na mimi?"

Sasa nisikilize, kaka. Si gambuti.

Msumari hauchagui kiatu cha bei gani. Mtu mwenye mguu unaosikia angepiga kelele hatua ya kwanza. Mama alitembea nao siku mbili. Alikamua ng'ombe nao, akapalilia nyanya nao, na kilichomwambia ni soksi iliyolowa damu. Pale hospitalini mliulizana nani alinunua viatu. Hakuna aliyeuliza nani alijua kwamba mguu wa mama umekufa ganzi.

Mimi nilijua.

Ilikuwa Machi, wiki ya kuondoka. Mwalimu wetu Macharia alitaka kila mmoja ajaze fomu kumi za kupima miguu ndipo atie sahihi tusafiri. Tisa nilizipata wodini Kajiado. Ya kumi nikasema nitampima mama. Alasiri moja nikamketisha uani kwenye stuli. Miguu alikuwa ameiosha na kuipaka mafuta kama anaenda kumwona askofu. Nikamwambia afumbe macho. Kila mahali alisema anasikia, upesi upesi, kama mtoto anayesema katekisimu. Lakini mwalimu alitufundisha kwamba mara moja moja usimguse kabisa, ujue kama mgonjwa anakisia. Tulipofika mguu wa kushoto nikashika uzi hewani, mbali na wayo. Mama akasema, "Nasikia." Nikangoja kidogo, nikaushika hewani tena. Akasema, "Hata hiyo nimesikia sana. Andika."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alidhani anayetahiniwa ni mimi. Alidhani akisema hasikii nitafeli, na safari yangu itakufa pale uani. Nikacheka, naye akacheka, akafumbua macho akauliza kama tumepita. Nikamwambia tumepita. Nikaandika kwamba miguu yote miwili inasikia, kumi kwa kumi, nikatia sahihi.

Usiniambie nilikuwa mwanafunzi tu. Nilijua ninachofanya. Ningeandika ukweli ningelazimika kumpeleka kliniki, kumzoesha kukagua nyayo kila jioni na kukung'uta gambuti kabla ya kuzivaa. Na wa kukaa naye Kisaju alikuwa nani kama si mimi? Ndege ilikuwa Jumamosi. Nikajiambia nitawaambia nikifika. Nilipofika nikajiambia nitawaambia nikizoea. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi nilificha ya mama, na kilio kikaenda kwako.

Jana niliijaza upya fomu ya kumi, kama ilivyokuwa kweli, nikaipiga picha, nikamtumia Mwalimu Macharia na kumweleza. Hajajibu. Huenda nikarudishwa kabla ya muda wangu kwisha Agosti, huenda nisimalize masomo kabisa. Nangoja nione hofu, siioni. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili hii akitoka kanisani. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyechoma viatu.

Kitu kilicho kwenye bahasha ni huo uzi. Nenda Kisaju, Wahome, na safari hii uingie ndani. Mguu wa kulia bado upo. Mketishe kwenye stuli, mwambie afumbe macho, mguse mahali kumi mpaka uzi upinde. Mara moja usimguse. Akisema anasikia, usicheke. Ushike huo mguu kwa mkono wako mzima, umwambie huu si mtihani na hakuna anayefeli. Kisha umpeleke kliniki wewe mwenyewe, kwa gari lako.

Mimi nilijipima nao kabla ya kuufunga. Nyayo zangu zinasikia mahali pote kumi.

Msalimie Kui, na umshukuru kwa kunipigia siku ile. Wabusu watoto. Ukitaka kunipigia, nitashika saa yoyote. Usipopiga, nitaelewa.

Ni mimi dada yako,
Mugure