Mshonaji Hajipimi

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, 28 Mei.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U mzima? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unaishi nacho kama mpangaji asiyetaka kuhama? Wifi hajambo? Na watoto je, bado wanakula kama nzige? Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Mama ameamua kuitoa cherehani. Ilikuwa kweli. Tangu magoti yakatae kukunjika, alikuwa hajakata hata leso. Unajua alivyokuwa akifanya kazi: mkeka sakafuni, kitambaa juu yake, na yeye amepiga magoti na mkasi wake. Kushona ameketi anaweza, lakini usipokata utashona nini? Nilijitolea nimkatie mimi, akaniangalia kama niliyeomba kumtafunia chakula. Basi akamwahidi binamu yetu mwenye duka la nguo aje aichukue mwisho wa mwezi. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini chaki yake aliitia kwenye kopo la vifungo akalifunga, na mimi moyo uliniuma.

Sasa unanijua. Jina la Kwanini ulinipa wewe mwenyewe. Siku moja nilimkuta Mama amesimama jikoni anakatakata mboga huku anaimba, magoti hayamsumbui hata kidogo. Kumbe kusimama anaweza, kuinama ndiko kunakomshinda! Kwa nini basi tumekuwa tukikata chini miaka yote hii? Nikamuuliza. Akasema, "Mama yangu alikata chini." Na mama yake yeye je? Akaniambia nimwache apike.

Ndipo tukaamua kumtengenezea meza ya kukatia, mimi, shemeji yako na mpwa wako. Mama aliposikia akasema, "Meza ya nini tena? Mwenye kazi ameshastaafu." Lakini hakukataza, na Mama asipokataza ujue ameshakubali nusu.

Mbao tulizitoa kwenye lile kabati ulilokuwa ukijificha ukiitwa kuoga. Ungeona, kaka! Nje lilikuwa jeusi kama chini ya sufuria. Seremala jirani akatuazima randa, tukaipitisha kidogo tu, na ndani mbao ni nyekundu, zinanukia kama zimepasuliwa jana. Nilikaa nazinusa mpaka wakanicheka. Mti uliokauka zamani hivyo, harufu unaihifadhi wapi? Na kwa nini vumbi la ubao wa mlango wa kabati linampigisha shemeji yako chafya, lakini la ubao wa mgongoni halimfanyi kitu? Nilimuuliza seremala mpaka akasema randa nibaki nayo, ila masikio yake nimrudishie.

Kwa kuwa sisi ni watu wa nguo, meza tuliichora kwenye karatasi kama gauni, kila kipande peke yake. Uso haukutusumbua. Tulikwama kwenye miguu. Seremala alisema meza ya kufanyia kazi umesimama isizidi usawa wa kiwiko cha mwenyewe. Sasa kiwiko cha Mama nani atakipima? Amepima watu tangu mimi na wewe hatujazaliwa, lakini yeye hakuna aliyewahi kumpima. Ukimsogelea na futi, anakumbuka maji yanachemka. Shemeji yako akasema kinyozi hajinyoi, naye anajua maana ndiyo kazi inayomlisha. Basi na mshonaji, naona, hajipimi.

Tukaamua kuiba kipimo. Mama akiwa amesimama mlangoni anaongea na jirani, mpwa wako akapita nyuma yake na kuweka alama kwenye fremu, penye kiwiko. Akapima, akanisomea, mimi nikaandika, shemeji yako akakata.

Kumbe binti yangu, kama nilivyomfundisha mwenyewe, alikuwa ameshaongeza akiba ya mshono, vile vidole viwili vya kitambaa ambavyo hatukati nguo bila kuviacha. Mimi nami wakati wa kuandika nikaongeza vyangu, mazoea yana tabu. Na shemeji yako, ambaye ameishi na washonaji mpaka wamemwambukiza, akaongeza vyake ili asije akalaumiwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Meza ilisimama imara na ya kupendeza, tukamwita Mama, na ikamfika karibu na kifua.

Nilitaka kulia. Shemeji yako akachukua msumeno papo hapo, nikamzuia, maana nywele ukikosea zitaota, mguu wa meza hauoti. Mama akaizunguka. Akaweka mikono juu yake, mabega yakapanda mpaka masikioni. Kisha akauliza, "Nani kaongeza mshono?"

Tukanyoosha mikono wote watatu.

Mama alicheka, kaka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko ambacho nilishasahau kuwa anacho. Halafu akafungua kopo la vifungo, akatoa chaki. Futi akanipa mimi. Akasimama wima, akakunja kiwiko, akasema, "Nipime. Na usiongeze."

Nilipiga magoti mbele yake kama yeye alivyowapigia wateja wote wale. Mama ni mfupi, kaka. Maisha yangu yote nilidhani ni mrefu.

Tuliilaza meza ubavu, yeye akaketi kwenye kiti na kuchora alama za miguu yote kwa mkono wake. Shemeji yako akakata palepale kwenye chaki. Tangu hapo sakafu ya chumba hiki haijakosa vipande vya kitambaa.

Binamu alikuja jana na gari. Mama akampa chai, akamwambia cherehani iko kazini, yeye arudi siku atakayotaka suti.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kila mmoja, hata yule anayejifuta. Shemeji yako na mpwa wako wanakusalimu, na seremala pia, ingawa ameniomba nisimuulize kwa nini. Mungu akupe afya na riziki, na akurudishe kwetu salama.

Mama yeye hatumi salamu, anatuma kazi. Anataka vipimo vyako, kwa kuwa nguo ya kwanza ya mtu wa mbali kukatwa kwenye meza hii ni shati lako. Wifi akupime, wewe usijipime. Na msiongeze kitu. Akiba ya mshono ataweka mwenyewe.

Wako akupendaye na asiyeacha kuuliza,
Dada yako,
Kwanini