Shikamoo ya Pili ya Neema

Vwawa, Jumanne

Wiki nzima natega makosa ubaoni kwa makusudi, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanayanakili yote. Kwao kumsahihisha mwalimu ni kukosa adabu. Nimechoka! Huko chuo kikuu watakwenda kunakili nini?

Leo Neema akasimama. Kwanza akaniamkia upya, shikamoo kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza naingia darasani.

“Samahani, mwalimu. Mstari wa tatu umegawanya pande zote kwa x. Je, x ikiwa sifuri?”

Nikausoma ule mstari, nikaufuta, kisha nikageukia dirishani wasione ninavyotabasamu.

Wengine bado wananitia wasiwasi. Lakini huyu yuko tayari.

Maana kosa lile halikuwa mtego. Nilikosea kweli.