Boti ya Chokaa Nzuguni

Jumatatu, 2 Juni

Mlango wa ubavuni nimeupoteza leo, saa nne kasoro robo asubuhi. Nilikuwa namwagilia matofali. Simu ikalia: mchoro mpya kutoka Kigoma. Fundi Bilali, anayetutengenezea boti, kauondoa mlango ulio kando ya usukani. Mahali pake kaweka choo kidogo. Choo! Wakati kingine kipo chini, pembeni ya chumba cha kulala, na kwa watu wawili kinatosha.

Nikampigia. "Mama, Baba Tumaini ndiye aliyeniagiza. Nikajua mmeshaongea."

Hatujaongea.

Mlango ule niliupigania miezi miwili. Anayeendesha peke yake anatakiwa atoke hatua moja, ashike kamba, arudi. Bila huo mlango ni hatua kumi na moja kuizunguka sebule. Nimezihesabu. Mimi nilianza na kalibu moja ya kuazima, nikifyatua tofali kwa mikono yangu. Leo nusu ya nyumba za mtaa huu zimesimama kwa tofali zangu. Hajawahi kutokea mtu akahamisha mlango wangu bila kuniuliza. Amekuja kutokea mume wangu.

Sijamwambia kitu. Nimeyamwagilia matofali mara mbili.

Jumatano, 4 Juni

Boti ni ya kuishi. Urefu futi arobaini na mbili, upana kumi na tatu na nusu. Umbo ni la boti za uvuvi: tumbo pana, pua imeinuka, mwendo wa pole. Kilomita kumi na tatu kwa saa. Baiskeli. Wala sitaki zaidi. Kukimbia nimekimbia vya kutosha. Kila kiangazi, vumbi likianza hapa, tupande treni hadi Kigoma, tuingie ziwani, tushuke kusini polepole. Jioni ikitukuta popote, tunalala hapo hapo.

Watu wanacheka. Dodoma na boti wapi na wapi. Lakini nimekua nikipanga foleni ya maji na ndoo kichwani. Nataka mara moja tu katika maisha yangu nilale juu ya maji ambayo sikuyapangia foleni.

Leo nimeiseti boti kwenye kiwanja kilicho kando ya nyumba. Vigingi, kamba, chokaa. Vipimo vyote vya ukweli, pua nimeielekeza kusini tutakakokwenda. Ndiyo kawaida yangu kwa kila mteja: hatuchimbi msingi kabla hajatembea ndani ya chokaa. Kwenye karatasi kila chumba kinatosha. Kwenye chokaa ndipo mtu anajua kama goti lake litagonga kitanda.

Jirani yangu Mama Shabani, mtu wa Chemba, akachungulia uani. "Mnajenga kanisa? Mbona limechongoka mbele?"

Nikamwambia ni boti. Akacheka akasema kitu kwa Kisandawe, ulimi unalia kama anavunja karanga. Kisha kwa Kiswahili, "Haya. Mvua ikija na sisi mtukumbuke."

Baba Tumaini alisimama nje ya kamba, mikono nyuma. Aliitazama kama mtu anayetazama gari la mwenzake.

"Pazuri," akasema. Hakuingia.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekaa kwenye usukani. Ndoo iliyopinduliwa. Upepo wa mashariki ulikuwa mzuri, kamba zinavuma kidogo. Mbele yangu nyasi kavu mpaka milimani, zinalala, zinainuka, zinalala. Nikaona boti inakwenda. Kweli nimeiona. Vilima vilikuwa vinasogea taratibu upande wa kushoto.

Chai imepoa nikiwa majini.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu, halafu furaha. Niandike zote mbili.

Bilali kapiga simu kuuliza madirisha. "Mama, mbona ya kushoto makubwa na ya kulia madogo?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza vijana wangu. Kulia ni magharibi. Jua la alasiri likiingia, sebule haikaliki. Jiko nalo nimeliweka huko huko kulia, kwa sababu upepo unatoka mashariki, unaupeleka moshi nje. Nyumba zangu zote zinaanza hivyo. Dodoma ukikosea hapo, umemjengea mtu tanuri.

Nikasikia anajizuia kucheka. Akashindwa.

"Mama. Boti inageuka."

Nimekata simu. Wiki tatu nimelipangia jua madirisha ya kitu kisichokaa mahali pamoja. Miaka yangu yote kwenye kazi hii, nimekosea kosa ambalo mtoto wa pwani asingelikosea.

Nikarudi kwenye ndoo yangu, nikakaa mpaka wazo likaniingia vizuri. Nyumba isiyo na magharibi. Jua likikukuta sebuleni, unazungusha usukani, unalihamishia chumbani. Asubuhi mlima uko dirishani kwa jiko, mchana uko dirishani kwa kitanda, na wewe hujainuka. Maisha yangu yote nimejenga kwa kulikimbia jua. Huku unaligeuzia tu mgongo.

Nimekwenda kumwambia Baba Tumaini. Alikuwa nyuma na kuku wake. Alitabasamu, kwanza nikafurahi.

"Sasa mlango wa nyuma utakuwa upi?" akauliza.

Sikumwelewa. Nimemwambia madirisha yote yawe makubwa.

Jumapili, 8 Juni

Badiliko la pili. Bilali kaleta picha ya benchi la sebuleni. Linakunjuka, linakuwa kitanda. Urefu futi sita, upana futi mbili na nusu. Na hili kaagiza Baba Tumaini.

Futi mbili na nusu ni mtu mmoja.

Nimetoka ibadani nikiwa nalo kifuani. Mezani nikamuuliza, "Kitanda cha benchi ni cha nani?"

"Cha mgeni."

"Mgeni ana chumba chake chini."

"Basi cha mgeni mvivu." Akanywa chai.

Siku nyingine ningecheka. Miaka thelathini na moja tumelala kitanda kimoja, cha kwanza kilikuwa cha kamba na kilikuwa kinatuzamisha wote katikati. Leo mwenzangu anajichongea chake kwa simu. Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuliandika. Kwanza mlango, halafu kitanda. Naona anajitoa kwenye boti kipande kipande ili nisigundue.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua. Siyo nilichodhani.

Asubuhi nilitaka kupima ngazi ya kushuka chumbani. Mchoro unasema vidato vitano, kila kimoja inchi tisa. Kushuka kwa kweli pale kiwanjani siwezi, nikapanga matofali, vidato vile vile, nikawa napanda na kushuka. Safi. Nikamwita Baba Tumaini aje ajaribu.

Alifika mpaka kwenye kamba. Akayatazama matofali. Akasema amesahau kuwafungulia kuku, akageuka. Kuku walikuwa nje tangu saa moja.

Nikamfuata kwa macho. Kibaraza cha mbele kilikuwa karibu. Hakukipanda. Aliizunguka nyumba nzima, mkono ukutani, akaingia kwa mlango wa nyuma, wa jikoni. Mbele kuna vidato vitatu, nilivijenga mwenyewe. Jikoni hakuna hata kimoja.

Nilibaki nimeshika tofali.

Mama Shabani alikuwa anaanika mboga. Nikamuuliza kama amewahi kumwona akipita mbele.

"We hukujua?" akasema. "Tangu masika anapitia jikoni. Mimi nikadhani umemfungia mbele, nikanyamaza. Ya ndani ni ya ndani."

Tangu masika! Na kabla yake kuna Kolo, mwaka jana. Tulikwenda kuona michoro ya mapangoni. Wote tulipanda, yeye alibaki kwenye gari. "Hiyo nimeshaiona kwenye kalenda." Nilimsema njia nzima, kwamba tumechoma mafuta ya bure. Alikuwa anajikanda goti, nikadhani ni uchovu wa safari.

Mimi tofali moja likikosekana kwenye elfu mbili, najua. Mlango anaopita mume wangu sikuuhesabu.

Choo cha juu. Kitanda cha juu. Hakuwa anajitoa. Alikuwa anatafuta jinsi ya kuja bila kushuka vidato vitano, na bila kuniambia. Bado nina hasira. Imehama mahali tu, na nusu yake inanihusu mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbili sijalala mchana wala sijakagua mzigo. Jana nimefuta chokaa yote kwa fagio. Leo nimeseti upya.

Chumba cha kulala nimekipandisha juu, nyuma ya sebule, sakafu moja tangu usukani mpaka kitandani. Nimekitafutia urefu: sebule imetoa futi saba, kibaraza cha nyuma kimetoa tatu, chumba kimepata kumi. Sebule ilikuwa kumi na sita, sasa ni tisa. Inatosha. Watu wawili wakikaa futi tisa wanasikizana. Upana wa ndani ni futi kumi na nusu, kitanda kinachukua tano, kimekaa katikati. Kila upande inabaki njia ya inchi thelathini na tatu. Akiamka usiku hanivuki, nami simvuki. Choo cha juu kimeuachia mlango nafasi yake, kimesogea hatua tatu kutoka kitandani. Benchi libaki benchi. Jiko ndilo limeshuka chini, mbele, na vidato vyake vitano. Mpishi ni mimi, magoti yangu mazima. Chumba cha mgeni kimebaki kitanda kimoja pembeni ya jiko, mgeni atavumilia harufu ya vitunguu.

Na mlango wangu wa ubavuni umerudi. Inchi ishirini na mbili.

Nimemtumia Bilali picha, kauangalia mpangilio mpya. "Unakubali, mama. Tena utakuwa mzuri. Lakini Jumamosi saa sita mchana nakata mbao za vyumba. Zikishakatwa, hakuna kurudi."

Jioni nimemwita Baba Tumaini. Nikamwambia nimejua habari ya goti. Nikamwonyesha: hapa, hapa, hapa, hakuna kidato. Alikuwa na fimbo. Amekuwa nayo muda gani, hiyo nayo sijui. Alisimama nje ya kamba.

"Mama Tumaini," akasema, "mtu wa hivi unampeleka majini wa nini? Nenda wewe. Mimi nitabaki na kuku."

"Futi saba za sebule sikuzikata kwa ajili ya kuku."

Hakucheka. Wala mimi.

Jambo liko hivi, niliandike wazi. Asipokuja, Bilali asikate hata ubao mmoja. Sitaki boti ya kukaa peke yangu nikigeuzageuza jua.

Ijumaa, 13 Juni

Upepo mkali. Mistari ya chokaa inapeperuka, nimeirudia mara mbili. Boti imekuwa kama inatoa moshi.

Asubuhi nimemwambia, kesho. Akasema, "Nimesikia." Nimeshinda kwa wateja mpaka jioni. Matofali mia nane yamekwenda, hata sikumbuki nani kachukua. Njiani nilikuwa naliona ziwa kila barabara iliponyooka. Maji yanang'aa kwenye lami kule mbele, ukikaribia yanasogea.

Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni

Upepo umetulia. Nimetoka na chai yangu kuangalia mistari.

Kigingi cha mlango wa ubavuni kimehama. Nimepima: inchi ishirini na nane. Zimeongezeka sita, kiasi cha mtu na fimbo yake. Kamba imefungwa upya na fundo ni lake, lile la kufungia mbuzi, miaka yote namwambia halifai kwa ujenzi.

Ndani kuna mashimo madogo ya fimbo. Nimeyafuata nikiwa nimeinama. Yanaingia mlangoni, yanakatiza sebule ya futi tisa, yanafika kitandani upande wa kushoto. Yanasimama hapo, udongo umechimbika kidogo, kama mtu aliyekaa muda. Halafu yanakwenda chooni. Halafu yanarudi mlangoni. Upande wangu wa kitanda hakuugusa. Kaingia jana nilipokuwa kwa wateja. Peke yake, kama mteja.

Nimesimama pale mpaka chai ikapoa.

Yeye yuko nyuma, anawamwagia kuku pumba, mgongo kwangu, kana kwamba hapa hakuna aliyetembea popote. Nami nimemwacha. Nimetafuta ndoo ya pili, nikaipindua kando ya yangu, kwenye usukani.

Saa hizi ni tano na robo. Simu ya Bilali nitaipiga saa sita kamili. Kigingi nimekiona. Mashimo nimeyaona. Lakini mwaka mzima nimesomeshwa milango na fimbo, nikasoma vibaya, na leo sisomi tena. Nataka kusikia kwa sauti yake. Naweka kalamu chini, naenda kumuuliza, na nitamuuliza mara moja tu: Baba Tumaini, unakuja au huji? Ndiyo au hapana, kabla ya saa sita.