Kitambaa Juu ya Risiva

Odongo na Joyline,

Chai iko kwa thamosi, viazi viko kwa sufuria. Risiva ya muziki msiiwashe mpaka fundi aje.

Joyline, si Odongo aliyeifunika. Ni mimi. Jana niliiwekea kitambaa nilichofuma, nikidhani naikinga vumbi, kama tunavyofunika viti. Leo asubuhi Odongo akaweka wimbo, risiva ikakosa hewa, ikapata moto ikazima. Ukamwambia, "Miezi mitano unachagua risiva, halafu unaivalisha sweta?" Akajibu, "Nilisahau, mama watoto." Nami nikaendelea kutafuna mkate wangu.

Odongo mjukuu wangu, najua ulivyozunguka maduka yote na rekodi ya kwaya ya babu yako. Ukachagua hii ya bei kali kwa sababu ndani yake babu anasikika hata akivuta pumzi. Mimi nikamziba. Na kabla uende kazini ulikikunja kitambaa vizuri, ukakiweka kitandani kwangu.

Nimeenda kanisani kwa akina mama. ~~Nitakula huko, msiningoje.~~ Ningojeni. Nataka kuyasema haya kwa mdomo wangu, Joyline akiwa hapo.

Dani, nyanya yenu