Jino Limetoka, Zuhura Hanyonyi

Jumanne, 10 Juni 1975
Naandika huku nimeng'ata pamba. Jino limetoka. Lile la nyuma, chini kulia, lililoninyima usingizi tangu kabla ya mavuno. Kwenda Kilosa nilipanda lori la ushirika, juu ya magunia ya mahindi. Kurudi Mikumi, basi.

Daktari wa meno ni mtu wa makamo, mkono mzito, maneno laini. Alinichoma sindano ya ganzi, mdomo ukawa kama si wangu. Akaniambia leo nisisukutue, nisiteme mate kwa nguvu, nisinywe cha moto. Kesho maji ya chumvi, vuguvugu, taratibu. Nitafunie kushoto. Shimoni patakuwa na bonge la damu. Nisiliguse, ndilo linalofunika kidonda.

Nilitaka kumuuliza habari ya kunyonyesha. Lakini kwenye benchi walikaa wanaume wawili wameshika mashavu, wanasubiri zamu. Nitaje matiti mbele yao! Nikasema ahsante, nikatoka.

Nimefika nyumbani Zuhura ananinyooshea mikono. Mama mkwe akamvuta. "Una dawa mwilini, una damu mdomoni. Maziwa hayo si ya mtoto."

Zuhura ana miezi mitano. Nikamwachia mtoto. Huenda ni kweli. Baba yake yuko Kidatu kwenye kazi ya bwawa, hakuna wa kumuuliza.

Jumatano, 11 Juni
Maji ya chumvi baada ya kula. Niliyachemsha, nikayaacha yapoe. Nikainamisha kichwa huku na huku, nikayaacha yadondoke yenyewe. Meno mengine nimeyapiga mswaki, penye kidonda nimepakwepa. Mate bado mekundu.

Zuhura amepewa uji mwepesi kwa kijiko. Ameutema. Amelia mpaka sauti imekauka. Matiti yangu yamejaa, magumu kama mawe. Nimekamulia kwenye majivu nyuma ya jiko, kama Mama mkwe alivyoagiza. Nikalia na mimi.

Nimemuuliza mpaka lini. "Mpaka mdomo wako uwe safi. Nikiona damu, simtoi."

Mama Tatu, jirani yetu, alipita akielekea shamba la kijiji. "Wee, shavu hilo! Umeficha andazi, hutaki kutugawia?" Nilitaka kucheka, nikaogopa kidonda kitafunguka. Kisha akamwona Zuhura mgongoni kwa Mama anavyolia. Akaacha utani.

Alhamisi, 12 Juni
Zuhura anaharisha. Uji haumkai. Macho yameingia ndani kidogo, au ni woga wangu.

Nimefanya ujinga. Mama alikwenda shamba la kijiji na mtoto mgongoni, maana haniamini kubaki naye. Nikachukua kioo cha Baba Zuhura cha kunyolea. Nikaliona lile bonge, jeusi, limekaa shimoni. Nikajisemea, hii ndiyo damu anayoikataa Mama. Ikitoka, mdomo safi, napata mtoto wangu. Maneno ya daktari nilikuwa nayakumbuka. Yote. Nikalichokonoa kwa kijiti cha mswaki mpaka likatoka. Nikasukutua kwa nguvu, tena na tena, mpaka maji yakawa meupe.

Mama aliporudi nikapanua mdomo mbele yake kama mtoto. Akachungulia sana. "Kesho," akasema.

Kesho!

Ijumaa, 13 Juni
Si kesho wala nini. Maumivu. Hayafanani na yale ya jino. Yanapanda sikioni, yanashuka shingoni. Shimo liko tupu, ndani naona kitu cheupe. Mdomo unanuka, nausikia mwenyewe. Mama aliponisogelea akarudi nyuma. "Umeoza." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa. Mtoto hakunipa.

Zuhura hachezi tena. Nikimwita anageuza macho tu, kichwa hakigeuki. Na maziwa leo nimekamua kidogo sana. Yakikauka je? Atakula nini?

Nimemkasirikia Mama. Nimejikasirikia zaidi.

Kesho narudi Kilosa, na Zuhura. Hata kwa miguu.

Jumamosi, 14 Juni
Mama alinikataza nisimchukue mtoto. Nikasema basi twende wote. Akajifunga kanga, akambeba yeye. Tukapanda basi. Zuhura amelegea mgongoni kwake, hata kulia halii.

Daktari alichungulia, akatikisa kichwa.

"Nani kakichokonoa?"

"Mimi."

"Nilikwambia nini, mdogo wangu?"

Nikamwambia yote. Benchi lilijaa wanaume tena. Nikataja matiti, nikataja maziwa, nikataja kuhara, kwa sauti. Mmoja akaangalia dari. Aangalie.

Daktari akamgeukia Mama. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia kwa shida. Daktari akamweleza kwamba ile sindano ya ganzi haimdhuru mtoto, na kidonda cha mdomoni hakiingii kwenye maziwa. Tumbo la Zuhura ndilo halijawa tayari kwa uji. Akaita nesi wa watoto ampime. Nesi akasema anyonye sasa hivi, anyonye mara kwa mara, na kuhara kusipokata tumrudishe haraka.

Mimi nikaoshwa shimo, nikawekewa kitambaa chenye mafuta ya karafuu. Maumivu yakaanza kushuka palepale.

Tumetoka nje, barazani. Nikanyoosha mikono. Mama hakunipa.

"Hawa madaktari hawakumzika mwanangu wa kwanza," akasema. "Nilikuwa na homa, nikamnyonyesha. Akafa. Baba Zuhura alikuja baadaye."

Tangu niolewe sijawahi kusikia kwamba mume wangu alitanguliwa na mwingine. Nikapiga magoti, watu wanapita, wanatutazama.

"Mama, nipe. Kaa hapa ubavuni kwangu, umwangalie wewe mwenyewe."

Akafungua kanga. Akanipa mtoto.

Zuhura kwanza akageuza uso. Nikadhani amenisahau. Kisha akashika ziwa. Maziwa yalikuwa kidogo, lakini akavuta, akapumzika, akavuta tena. Mama hakumwondolea macho. Basi la kwanza likatuacha. Hakuna aliyesimama.

Jumatatu, 16 Juni
Asubuhi Mama amenipikia uji, akaupoza mwenyewe, akaupuliza kijiko kwa kijiko. Nimekunywa. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, taratibu. Ulimi unataka kukichezea kile kitambaa, naukataza. Keshokutwa nakwenda kubadilishiwa.

Kuhara kumekata tangu jana jioni. Maziwa yanarudi, kanga imelowa kifuani, sikasiriki. Zuhura ameninyonya mpaka amesinzia, mdomo wazi.

Mama amekaa mlangoni anachambua maharage. Kila mara anageuka kumtazama. Nimemuuliza yule mtoto aliitwa nani.

Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. Kisha akalitaja jina, akaendelea kuchambua.