Mstari wa Kumi na Tisa

Zomba, 25 Oktoba

Kwa shemeji yangu mpendwa, Melise,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba upepo wa ziwani haukusumbui tena kifua. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Dagaa uliowatuma walifika salama nami nawala kwa nsima, ugali wetu, ingawa siku hizi siwezi kumaliza sahani nikiwa nimeketi. Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Nimeinuka mara nne tangu nianze ukurasa.

Katekista amenifikishia maneno yako bila kuyapunguza: kwamba kama nimemsahau dada yako ndani ya miezi minane, hutakuja kwenye misa ya Marehemu Wote, wala nisikuite tena shemeji. Una haki. Enifa alikuwa mke wangu kwa miaka arobaini na sita, na jina lake halimo katika orodha iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa. Naomba univumilie nikueleze.

Tangu Julai nahudhuria darasa la kompyuta katika ukumbi wa parokia, kwa mwalimu Mbewe. Mimi ndiye mkongwe. Wengine ni akina mama wa jumuiya. Tulianza kwa kuiamuru mashine ichapishe maneno: unaandika amri, kisha ndani ya mabano unaweka unachotaka kionekane. Padri, akikumbuka ukarani wangu wa zamani, aliniomba nichapishe orodha ya marehemu wa mwaka. Mara ya kwanza tarehe za kufariki zilitawanyika kila upande, na Mama Nasibeko akaniuliza mbele ya wote, "Agogo, babu yetu, hapo umechapisha au umepiga chafya?" Walicheka mpaka mwalimu akavua miwani. Ndipo akanifundisha kulitengea kila jina nafasi za herufi ishirini na tano, hata liwe fupi namna gani, ili tarehe zote zisimame wima kama matuta yaliyolimwa kwa kamba. Nilifurahi, shemeji, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Orodha ina mistari thelathini na mmoja. Wa kumi na tisa ni mtupu. Kama ujuavyo, hubandikwa mapema ili wenye wafu wao waisahihishe, na Mama Nasibeko ndiye aliyeliona pengo. Akatangaza kwamba mashine imemmeza mke wa karani, na afadhali irudishwe ilikotoka. Mwalimu Mbewe anajilaumu. Ameniomba daftari langu la amri mara tatu ili atafute kosa, nami, mzee wa miaka sabini na minne, niliyelelewa na mapadri, nimemjibu mara tatu kwamba nimelisahau nyumbani. Lilikuwa ndani ya koti langu.

Naungama kwako kabla ya kuungama kwa Padri. Mashine haikummeza mtu. Nilipofika zamu ya Enifa, vidole vyangu vilikataa. Kama ningemruka, waliomfuata wangepanda juu na kukaa mahali pake. Hilo pia sikuliweza. Nikaandika amri nikayaacha mabano matupu, na mashine ikatii: ikachapisha mstari usio na kitu. Nilimwekea nafasi, Melise. Sikumsahau. Kila siku natembea hadi mlango ule kutazama kama nafasi yake ingalipo, kisha narudi nyumbani, kisha natoka tena.

Leo asubuhi nimempa mwalimu daftari. Alisoma, akasema, "Basi mzee, mashine haikukosea." Halafu akanivutia kiti, nami nikaliandika jina la Enifa, herufi moja moja. Tarehe imenishinda. Jina limesimama peke yake na pengo mbele yake, na Padri anaihitaji karatasi Jumamosi. Tafadhali njoo Ijumaa. Keti kando yangu uitaje wewe tarehe ile, nitaibonyeza.

Wasalimie wanao na majirani wote wa huko. Samahani kwa kukuchosha macho. Kitanda cha wageni nimekitandika.

Ni mimi, shemeji yako bado, ukiniruhusu,
Wedson Chikopa