Leso Kumi na Moja Juu ya Paa

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki.

Shajara yangu, hujambo? Sisi huku hatujambo. Baba watoto mzima, ni kifua tu kinamsumbua na hii baridi. Kifungua mimba wangu mzima, ndiye mwenye habari ya leo. Anayemfuata mzima, hakuna sufuria inayomshinda. Kitinda mimba ameng'oka meno mawili ya mbele na anajionyesha kwa kila mtu. Shosho, nyanya yao, anakusalimu sana. Majina siyataji. Mtaa pia siutaji, Eastlands inatosha.

Mimi sikuwa hivi. Nilikuwa natuma picha ya kila kitu, hata ripoti za shule za watoto. Kuna kitu kilinifunza.

Msichana wangu mkubwa ana ukurasa kwenye mtandao. Hauna jina lake wala sura yake. Anaandika shida za wapangaji, na mimi niliyeachia shule darasa la tano nasoma pole pole, kila neno, halafu narudia.

Tukiwa bado tunapanga ile ploti ya zamani, aliweka picha ya tangi la maji kule juu ya paa. Ndani kulikuwa na njiwa ameoza. Watoto wa ploti nzima walikuwa wanaharisha. Picha ikazunguka kila mahali, na mwenye ploti akaapa kwamba aliyeipiga atahama kabla mwezi haujaisha.

Nikaitazama tena ile picha. Nyuma ya tangi, kwenye kamba, leso yangu ya kujifunga kiunoni.

Mtoto aliyeficha jina, namba na sauti yake alikuwa amesahau leso ya mamake! Na keateka, yule mwangalizi wa ploti, alikuwa ameshaiona. Alisimama getini na simu, akimwonyesha kila anayepita. "Mwenye hii leso ndiye alikuwa kule juu akianika, ndiye nyoka wetu."

Niifiche? Nikiificha itakuwa kama nimejitaja.

Lakini kuna jambo keateka hakulijua, kwa sababu hajawahi kutuangalia vizuri. Ile leso ni sare. Chama chetu tulizinunua pamoja kwa harusi ya binti ya mwenzetu, wamama kumi na mmoja, wote wa ploti hiyo hiyo.

Nikatuma sauti kwenye grupu: "Wamama, kesho tukamwone yule mtoto mchanga wa mwenzetu. Tuvae sare. Fueni leo, jua lipo." Mtoto alikuwepo kweli. Haraka ndiyo ilikuwa yangu peke yangu, Mungu anisamehe.

Saa nane keateka akapanda juu. Leso kumi na moja, zote zinapepea. Akainua simu, akalinganisha hii, akalinganisha ile.

"Ya nani hii?"

"Yangu," akasema jirani yangu mmoja ambaye mdomo wake hauna breki. "Na hiyo ingine pia yangu, ukitaka. Kwani baba, umeanza kuvaa leso lini?"

Tulicheka mpaka akashuka bila kuaga.

Wiki hiyo hiyo tangi likaoshwa. Kwenye mfereji wamama wakawa wanasema, "Huyo anayeandika, mama yake alizaa mtu." Nilitaka kupiga kelele, ni wangu, huyo ni wangu! Nikainama, nikajaza mtungi.

Sijawahi kunyamaza kwa raha namna hiyo.

Siku hizi binti yangu hatumi picha kabla hajaniletea. "Mathe, cheki nyuma." Yeye na vyeti vyake vya kompyuta, ananiuliza mimi. Nafuta mikono, naangalia nyuma.

Naandika kwa sababu tulishahama, wenyewe, kwa amani. Hata hivyo bado nina woga. Rangi ya leso sijaisema, na leso zenyewe hazikuwa kumi na moja.

Wewe unayesoma, kama kuna mahali nimejitaja bila kujua, niandikie upesi, leo leo, nifute. Lakini tafadhali, usiniite jina.